Jiwe Lililolala Chali

Sajenti Bulaimu alipiga magoti mchangani, akaliinamia jiwe mpaka pua yake ikakaribia kuligusa. Askari wake, Asani, aligeuza uso pembeni ili asicheke.

"Linanuka rangi," Bulaimu alisema.

"Ndiyo, Sajenti. Ni alama ya kikosi ya Raphaël. Njo ile ilimuponza."

Kesi yenyewe ilikuwa nyepesi, na wepesi wake ndio uliomuudhi Bulaimu tangu aliposhuka kwenye lori jana. Kasimu, kapita mkuu, yaani msimamizi wa wafanyakazi, wa kambi ya wapima mawe huku vilimani juu ya kijiji cha Wamaza, alikutwa amekufa humu ndani ya korongo la Kabumbu, kisogo kimepasuka, jiwe lenye damu limelala kando yake. Korongo lilikuwa mahali pa kazi pa Raphaël, kiongozi wa kikosi kimoja cha wavunja mawe, na watu wake. Kikosi cha Raphaël kilitia mawe yake alama nyekundu, kikosi cha Ramazani alama nyeupe, na jiwe hili lilikuwa na mshale mwekundu. Tena siku ile ile ya kifo, asubuhi, Raphaël na Kasimu walikuwa wamegombana mbele ya kambi nzima, Raphaël akainua nyundo. Msimamizi wa teritwari, yaani wilaya, Mbelgiji mwenye haraka zake, alimaliza yote akiwa mezani kwake Kabambare: kesho alfajiri lori liondoke na Raphaël kwenda mahakama ya Kasongo, na Sajenti alete karatasi ya maungamo. Hakuuliza kama kuna mtu aliyeungama.

Watu wa Wamaza walijua maana ya safari ile. Mtu mweusi akipelekwa Kasongo kwa kumuua kapita wa Wazungu, kinachorudi ni jina lake tu.

Jiwe lilikuwa bapa, pana kama sinia la kulia bukari, ugali wa huku, rangi ya mchanga mkavu, na zito la kumtosha mwanamume mmoja. Bulaimu alilisimamisha kwa ubavu akalitazama pande zote mbili. Uso mmoja ulikuwa laini, wenye mawimbi madogo yaliyofuatana, kama mchanga wa ukingoni maji yakishatoka. Uso wa pili ulijaa matuta: mistari iliyovimba, minene kama vidole, ikipindapinda na kukatana, utadhani kuna minyoo imezikwa humo. Mshale mwekundu ulikuwa juu ya matuta hayo, mahali pale pale palipokuwa na doa la damu iliyokauka. Nyekundu juu ya nyekundu, na labda ndiyo maana hakuna aliyehangaika kuangalia mara ya pili.

Bulaimu alitoa kisu kidogo mfukoni, akakwangua mkia wa mshale. Rangi ilibanduka kama ganda. Chini yake palikuwa na damu iliyokauka.

"Asani, hebu sogea. Ukimupiga mutu na jiwe yenye rangi, damu inakaa wapi?"

"Juu ya rangi, Sajenti."

"Na hapa?"

Asani alichuchumaa. Alikodoa macho, akapangusa jasho, akakodoa tena. "Iko chini yake."

"Basi rangi hii ilipakwa Kasimu akiisha kufa. Raphaël amuue mutu, halafu akae hapa aandike jina yake juu ya jiwe? Ni mujinga wa namna gani?"

"Iko wajinga, Sajenti."

"Iko. Lakini hawa wa namna hii bado sijawakamata." Bulaimu alisimama, akatazama kuta za korongo. Zilikuwa za mwamba mweusi, unaochanika vipande vyembamba ukiushika tu. "Nitafutie humu jiwe lingine ya rangi ya hili."

Asani alipanda juu, akashuka, akapotelea kwenye kona ya kijito, akarudi na miiba kwenye suruali na mikono mitupu. Hakuna. Kila alichoshika kilikuwa cheusi. Bulaimu akakumbuka jambo jingine, ambalo jana alilisikia bila kulitilia maanani: mzee aliyemwosha Kasimu kabla ya maziko alisema kanzu ya marehemu ilikuwa na vumbi jeupe mgongoni. Mtu aliyeangukia humu angetoka na vumbi jeusi.

"Jiwe hili lilitembea," alisema, "na Kasimu alitembea nalo. Litie mu mufuko. Mutu asilione tena mupaka niseme."

*

Raphaël alikuwa amefungiwa katika jiko la nyumba ya wageni wa serikali, mikono imefungwa kamba mbele. Nje ya mlango alikaa mkewe, Léontine, amekumbatia chungu kilichofunikwa kwa jani na kufungwa kitambaa. Alisimama alipomwona Sajenti.

"Baba Sajenti, niache nimupe. Ni chakula ya njia."

"Njia gani, mama?"

"Wanasema kesho wanamupeleka Kasongo. Kule nani atamupikia?"

Swali hilo lilimtia Bulaimu hasira, si kwa yule mwanamke. "Usiifungue kwanza hiyo nyungu," alisema. "Ngoja."

Ndani, Raphaël hakuinuka. Alikuwa Mzimba wa pande za Kasongo, mtu wa misa na shamba kabla ya kuja kuvunja mawe, mwenye mabega mapana na sauti ambayo hapo zamani huenda ilikuwa kubwa.

"Muligombana juu ya nini?" Bulaimu aliuliza, akivuta kigoda.

"Juu ya mawe yangu. Yale meupe ya kung'aa, yenye Musio, Muzungu wetu, anasema ndani iko zahabu. Kasimu alisema hayafiki. Alisema ninayatoa kwa siri kwa wanunuzi wa Salamabila."

"Unayatoa?"

"Miye?" Sauti kubwa ilirudi kidogo. "Nilileta yote ku ghala, Sajenti, hata moja haikubaki. Nikamuambia Kasimu: enda weye mwenyewe ku ghala uangalie, uache kunitukana mbele ya watu."

"Na ukainua nyundo."

"Niliinua, sikatae. Nyundo iko mu mukono yangu siku yote. Ningeinua nini?"

"Alienda ku ghala?"

"Sijue. Jioni ile kambi yote ilishuka Wamaza kwa matanga. Miye nilibaki nyumbani na bibi yangu Léontine, sababu nilikuwa na kasirani. Shahidi ni yeye tu, na wanasema bibi haesabiwe."

"Jiwe lenye lilimuua Kasimu, uliliona?"

"Nani angenionyesha? Walikuja na kamba, hawakuja na jiwe."

Mkono wa Bulaimu ulikwenda kwenye mfuko wenye jiwe, ulioegemea mlango, ukaishia hapo. Mtu huliona jambo kwa mara ya kwanza mara moja tu, na jicho la kwanza la Raphaël lilikuwa mali ambayo Sajenti hakutaka kuitumia ovyo. Alisimama.

"Kula mawazo yako kwanza," alisema. "Chakula kitakuja."

*

Mpima mawe mwenyewe, Musio Gérard, Mbelgiji kijana mwenye ndevu chache, alikuwa amelazwa na homa hemani kwake. Ndiyo sababu kambi ilikuwa imebaki mikononi mwa Kasimu. Kiswahili chake alikiokota kwa wavunja mawe, na alikisema bila aibu, jambo ambalo Bulaimu alilipenda kuliko Wazungu wanaopiga kelele kwa Kifaransa wakidhani kelele ni tafsiri.

Asani alilitoa jiwe mfukoni na kuliweka juu ya sanduku karibu na kitanda. Gérard alijiinua kwa kiwiko.

"Nani analeta hii? Hii haiko jiwe ya korongo."

"Lilikutwa korongoni, Musio. Kando ya Kasimu."

"Hapana." Mzungu aliketi kabisa, blanketi likaanguka. Alipitisha kidole juu ya uso laini. "Tazama hii mawimbi. Maji kidogo njo inafanya hivi, maji ya magoti. Hapa ilikuwa ukingo ya ziwa, kubwa sana, zamani, mbele ya mutu yeyote. Minyoo ilitembea mu matope kutafuta chakula. Pale ku korongo ilikuwa katikati ya ziwa ile ile: maji mingi, baridi, giza. Matope nyeusi. Kule unakuta tu alama nyembamba, kama uzi ya kushonea. Minyoo ya kule haikuwa sawa na minyoo ya huku."

"Ziwa? Huku juu ya mulima?"

"Huku. Mawe inakumbuka."

Bulaimu alinusa hema lile lililojaa harufu ya kwinini na akaamua kuliamini ziwa, kwa kuwa lilimfaa. "Na hiyo minyoo iko wapi?"

"Iliisha kabisa. Mwili haiko. Ni matendo yake njo ilibaki."

Sajenti aliitikia kwa kichwa. Kasimu naye alizikwa kabla yeye Sajenti hajafika. Hakuwahi kuuona mwili, alikuwa na matendo tu. "Basi ukingo wa ziwa uko wapi leo?"

"Kilima ya Misuku. Kwa Ramazani." Gérard aliugeuza uso wenye matuta, akauona mshale mwekundu, na licha ya homa akacheka kwa dharau. "Na hii? Nani mupumbavu ameweka hii?"

"Una maana gani?"

"Ni sheria ya kambi. Kabla ya kung'oa jiwe, unapaka mshale ku mugongo yake, upande yenye inatazama mbingu. Bila ile, siwezi kujua gani ni juu, gani ni chini, na kazi yangu yote inakufa. Sasa hii mutu amepaka ku tumbo."

"Matuta ni tumbo?"

Gérard aliangaza macho, akaona sahani ya udongo yenye bukari aliyoshindwa kula. Sahani ilikuwa na ufa. Aliipindua juu ya sanduku, bukari ikatoka nzima, na kwenye tumbo lake lililogeukia juu ukaonekana mstari ulioinuka, sawasawa na njia ya ufa.

"Munyoo inachimba mufereji mu matope," alisema. "Mchanga inakuja inajaza mufereji. Inakauka, inakuwa jiwe. Matuta ni tumbo ya mchanga, kama hii. Kila mutu ya vikosi vyangu anajua. Raphaël, Ramazani, na wabeba mizigo. Hawawezi kukosa, hata na usingizi."

"Na mtu asiye wa vikosi?"

Mzungu alivuta blanketi mpaka kidevuni. Homa ilikuwa imemrudisha kwenye mto.

*

Njia ya kwenda Misuku Asani aliikata kwa furaha. "Sasa imeisha, Sajenti. Jiwe ni ya Ramazani. Ramazani alitaka ukapita mukubwa siku nyingi, watu wote wanasema. Anamuua Kasimu, anapaka rangi ya mwenzake, anapiga ndege wawili."

"Na upande wa tumbo?"

"Haraka, Sajenti. Mutu akiwa na woga anakosa."

Inawezekana, Bulaimu aliwaza, na akaongeza mwendo.

Ramazani alikuwa Mbangubangu wa Kabambare, mwembamba, kofia ya kufuma kichwani, na alikuwa akingojea polisi tangu jana. Hilo lilionekana kwa jinsi alivyowakaribisha kupita kiasi. Kilima chake kilikuwa cha mawe ya rangi ya mchanga, tabaka juu ya tabaka, na vumbi lake jeupe lilikuwa limemfunika mpaka kope.

"Unalijua hili?" Bulaimu aliuliza. Asani aliliweka jiwe chini, matuta juu.

"Hii ni yangu!" Ramazani alisema, na hapo hapo akaona mshale na damu, akarudi nyuma. "Lakini rangi haiko yangu. Wallahi haiko yangu!"

"Ni yako vipi, kama rangi si yako?"

"Hii ni kipande ya katikati. Tulishusha jiwe nzima, nene, alama nyeupe ku mugongo. Musio alilipasua ku ghala kabla ya kupata homa, akatoa vipande tatu. Ile ya juu ilibaki na alama yangu. Hii ya katikati na ile ya chini hazikuwa na alama, sababu zilikuwa ndani. Ziko ku rafu pale. Zilikuwa ku rafu."

"Jioni ya matanga ulikuwa wapi?"

"Matanga yenyewe ni ya mujomba yangu, Sajenti! Nani alisoma dua kama sio miye? Uliza mualimu wa musikiti, uliza Wamaza yote."

Asani alitazama vidole vya miguu yake. Naye alikuwa amekula pilau ya matanga yale, kwa kuwa polisi wa kituo cha Wamaza, kituo chake, walialikwa, na sasa alikumbuka vizuri sana nani alisimama mbele.

"Hukukumbuka hilo wakati tunapanda?" Bulaimu alimuuliza kwa upole wa hatari.

"Pilau ilikuwa mingi, Sajenti."

Bulaimu alimgeukia Ramazani tena. "Ungeambiwa uweke mshale kwenye jiwe hili, ungeuweka wapi?"

Ramazani alimtazama kama mtu aliyeulizwa kofia huvaliwa wapi. Aliinama, akalipindua jiwe, matuta yakalala chini, akagusa uso wa mawimbi. "Hapa. Wapi kwingine?"

"Na funguo ya ghala iko kwa nani?"

"Kwa Musio na kwa karani Pierre. Lakini Musio tangu ile siku hajasimama."

*

Ghala lilikuwa nyumba ndefu ya matofali juu ya kambi, na kutoka mlangoni pake njia ya toroli iliteremka moja kwa moja mpaka mdomo wa korongo. Bulaimu alisimama hapo nje kidogo. Toroli la kubebea mawe lilikuwa limeegemezwa ukutani. Alipitisha kiganja ndani yake, akakiangalia. Safi. Katika kambi ambayo hata sufuria zilikuwa na vumbi la mawe, kuna mtu alikuwa ameliosha toroli.

Karani Pierre alimpokea kwa mkono laini na shati jeupe lililopigwa pasi. Alikuwa msomi, mtu wa kalamu na viatu vya kung'aa, na wavunja mawe walikuwa wakitaniana kwamba katika ghala lile lililojaa mawe ni yeye tu ambaye hajawahi kuinua hata moja. Wabebaji ndio waliopanga. Na walipanga kama Musio alivyotaka, kwa ajili ya wageni wake wanaopenda kuona maajabu: rafu nzima, ukuta mpaka ukuta, mawe yamelala chali, matuta juu, minyoo ya ziwa la kale ikizungukazunguka mbele ya macho. Mtu aliyekaa kwenye kiti kile mwaka mzima hakuwa ameona chochote kingine.

"Nimekuja kuomba msaada, Bwana Pierre," Bulaimu alisema. "Kesho nampeleka Raphaël."

"Ni huzuni, Sajenti. Ni huzuni kubwa. Lakini sheria ni sheria."

"Shida yangu ni jaji. Jaji wa Kasongo hajui mawe. Ataniuliza: mshale ni nini, unawekwaje? Miye ni mutu wa bunduki, nitajibu nini? Nataka nimupelekee jiwe lingine la kumuonyesha. Weye njo karani. Niwekee alama moja, nyekundu, vile sheria ya kambi inasema. Jaji aone mwandiko wa mutu mwenye anajua."

Pierre alitabasamu, sifa zilimwingia vizuri. Asani alimshushia mezani jiwe bapa kutoka rafuni, likiwa limesimama kwa ubavu, na akalishikilia hivyo hivyo, bila kulilaza upande wowote. Pierre alichovya brashi. Hakufikiri hata kidogo. Alisukuma jiwe kwa ncha ya kidole, likalala chali, matuta juu, na juu ya matuta yale akachora mshale mzuri, ulionyooka, akaupuliza ukauke.

"Hivyo," alisema.

"Hivyo," Bulaimu aliitikia. "Asante sana. Ndivyo inavyokuwa siku zote?"

"Siku zote. Alama inawekwa juu."

Bulaimu alitoka mlangoni, akampungia mkono askari wa zamu aliyekuwa akingoja na watu walioitwa. Aliletwa Gérard akiwa amebebwa kwenye kiti, amefungwa blanketi, meno yakigongana. Aliletwa Ramazani. Mwisho aliletwa Raphaël, mikono yake bado imefungwa, na Léontine nyuma yake na chungu, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumwambia abaki. Tabasamu la Pierre lilibaki usoni, lakini lilikuwa limekosa kazi.

Bulaimu alilitoa jiwe la damu mfukoni na kuliweka mezani kama lilivyokutwa korongoni, mshale juu, kando ya lile lenye rangi mbichi. "Raphaël, sogea. Hii ni mara yako ya kwanza kuyaona mawe haya. Tazama vizuri, halafu uniambie unaona nini."

Raphaël alisogea. Hakutazama damu. Hakumtazama Sajenti wala Mzungu. Alikunja uso kama fundi aliyekuta kazi ya ovyo, akanyoosha mikono yake miwili iliyofungwa, na kwa shida, kamba ikimkata, akalipindua jiwe la kwanza. Kisha akalipindua la pili. Mawimbi yakatazama dari.

"Nani aliyalalisha chali?" aliuliza. "Na nani aliharibu rangi yangu namna hii?"

Gérard alikuwa ameyaelekeza macho yake kwa karani, na macho hayo hayakuwa na homa tena.

"Bwana Pierre," Bulaimu alisema, "jiwe hili la pili umelipaka weye, sasa hivi, mbele yangu na Asani. La kwanza nani alilipaka?"

"Mtu yeyote anaweza kupaka vibaya." Sauti ya karani ilikuwa imepanda. "Hawa ni watu wa porini, hawajui juu wala chini!"

"Watu wa porini wote wawili wamejua. Ni weye tu hukujua." Bulaimu alitembea kando ya rafu, polepole, akichungulia chini ya mawe, mpaka alipofika kwenye kipande chenye mshale mweupe wa Ramazani mgongoni. Kando yake palikuwa na kipande kingine cha unene ule ule, kimesukumwa karibu ili kuficha nafasi. Hiki hakikuwa na matuta. Kilikuwa na mifereji, iliyopindapinda na kukatana. Alikibeba mwenyewe mpaka mezani. "Raphaël, Ramazani, nishikieni."

Watu wale wawili waliinua jiwe la damu na kuliteremsha juu ya lile la mifereji. Likacheza kidogo, likasogea upana wa ukucha, kisha likakaa. Kila tuta liliingia katika mfereji wake. Ramazani alijaribu kulisukuma pembeni, halikusogea.

"Ni moja," Gérard alisema taratibu. "Nililipasua miye, hapa."

"Kwa hiyo jiwe lilitoka kwenye rafu hii, ndani ya mlango huu, na funguo ni ya Musio aliye kitandani na ya kwako. Vumbi jeupe la mgongo wa Kasimu ni la sakafu hii. Toroli inateremka toka hapa mpaka korongoni, na kambi nzima ilikuwa matangani. Niambie jambo moja tu, Bwana Pierre. Katika kambi hii, nani anaosha toroli?"

Pierre alitazama mlango. Asani alikuwa amesimama hapo, mpana kuliko mlango wenyewe, akijitahidi kufidia pilau. Karani akaketi. Alipoegemea meza, rangi mbichi iliyobanwa chini ya jiwe la pili ikampaka kiganjani.

"Alikuja kuangalia mawe ya zahabu," alisema mwishowe. "Alifungua sanduku moja baada ya lingine, akakuta mawe niliyoyachukua hayapo. Nilimwambia tutaelewana. Akasema anakwenda kumwamsha Musio, akanipa mgongo. Nilishika kilichokuwa karibu."

"Na rangi ya Raphaël?"

"Walikuwa wamegombana. Watu wote walisikia."

Raphaël alikuwa bado ameweka mikono yake juu ya jiwe, na Bulaimu alipoleta kisu kukata kamba, ilibidi amwambie mara mbili aiinue. Kamba haikufika sakafuni. Asani aliidaka, akaifungia mikono ya karani.

Alfajiri lori liliondoka kwenda Kasongo kama msimamizi wa teritwari alivyoamuru. Lilibeba mfungwa mmoja, jiwe la vipande vitatu lililofungwa kwa nyasi, na karatasi ya maungamo, na hakuna lolote katika hayo lililokuwa na jina la Raphaël. Bulaimu alipanda mbele, karibu na dereva, akageuka kutazama kambi.

Mbele ya nyumba ya wageni Léontine alikuwa amekifungua chungu. Raphaël alikuwa ameketi chini kando yake, alama za kamba bado nyekundu mikononi, na chakula cha njia alikuwa akikila hapo hapo kambini, tonge baada ya tonge, bila kuinua kichwa lori lilipopita.